Miaka Mitatu kwenye Kadi

Mimi ni karani wa masjala katika wizara moja kule Mtumba, kwenye mji wa serikali. Kazi yangu ni majalada: kuyafungua, kuyapa namba, kuyapeleka kwa wakubwa na kuyarudisha yakiwa na kurasa zake zote. Vijana wapya wakija huwa nawaambia kwamba mtumishi ni yule aliyemo ndani ya jalada, na huyu anayepita koridoni na kikombe cha chai ni picha yake tu. Wanacheka. Lakini nimewahi kumwona mtu mwenye nguvu zake akiandikiwa barua ya kustaafu kwa sababu karani wa zamani alikosea mwaka wake wa kuzaliwa, na ilimchukua mwaka mzima kuithibitishia serikali kwamba hajazeeka. Kwa hiyo sitajifanya kwamba sikujua nilichokuwa nakifanya siku nilipodanganya kwenye kadi ya kliniki. Pale kwenye benchi la wajawazito hakuna aliyejua zaidi yangu uzito wa maandishi.

Binti yangu wa kwanza alizaliwa mwishoni mwa Novemba, kwa upasuaji. Nilikuwa na uchungu tangu alfajiri, njia ikagoma kufunguka, mtoto akachoka, na daktari akasema tusipoteze muda. Siku ya kuruhusiwa, daktari huyohuyo, mwanamke mwembamba aliyeongea taratibu kama anayemwelekeza mgeni njia, aliniambia nisibebe mimba nyingine kabla ya miaka miwili kupita. Alinieleza kwamba mshono wa nje ungepona upesi na kunifanya nijione mzima, ila kovu lililo kwenye kizazi linahitaji muda wake, na mimba ikilikuta halijakomaa linaweza kuachia wakati wa uchungu. Likiachia, alisema, tunakuwa na dakika chache za kuwaokoa watu wawili. Nilitikisa kichwa kukubali. Akanishauri nikaweke kijiti cha kuzuia mimba baada ya siku arobaini, nikasema nitarudi.

Sikurudi. Nilikuwa nanyonyesha usiku na mchana, siku zangu zilikuwa hazijaanza, na nilijipa moyo kwamba anayenyonyesha hashiki mimba. Likizo ikaisha, Bunge la bajeti likaanza, wizara nzima ikawa inaishi kwa chai na karanga, na mimi nikawa nakamua maziwa chooni na kuyahifadhi kwenye friji ya katibu muhtasi. Julai, tulipoanza kupumua, niligundua kwamba kilichokuwa kinanitapisha kila asubuhi hakikuwa uchovu. Binti yangu alikuwa hajafikisha hata miezi minane. Nilikaa kitandani nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena, na mara zote mbili jibu lilikuwa lilelile: mtoto wa pili angezaliwa dada yake akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Nikamlaza mtoto pembeni nisije nikamwangusha.

Mume wangu ni fundi sanifu wa maabara pale chuoni Chimwaga, mtu mpole asiyependa ugomvi hata na kuku. Nilipomwambia aliuliza kama daktari hakusema miaka miwili. Nikamjibu kwamba daktari alituambia wote wawili, tena yeye ndiye aliyekuwa ameshika karatasi ya dawa.

Niliogopa kovu, na niliogopa watu. Ningependa kusema kwamba kovu ndilo lililonitisha zaidi, lakini si kweli. Huku kwetu mama akishika mimba nyingine wakati mtoto bado yuko titini, husemwa amembemenda yule mtoto. Watu wanaamini maziwa yameharibika, kwamba mtoto atadhoofu, miguu itakuwa kama vijiti, atachelewa kutembea. Mtoto akikonda, hata kama ni malaria imemkondesha, macho ya watu yanahamia kwenye tumbo la mama yake. Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na nilijua kwamba wataalamu wana maelezo yao kuhusu mtoto anayeachishwa ziwa mapema. Hata hivyo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa naishika miguu ya binti yangu na kuipima kwa kiganja, na nikiona kama imepungua, siku nzima sikusikia ninachoambiwa.

Zahanati ya karibu na nyumbani Nzuguni ndipo binti yangu alipokuwa anapimwa uzito, na manesi wa pale wanamjua kwa sura. Sikwenda huko. Nilichagua zahanati nyingine, ndogo, iliyo njiani kuelekea kazini, ambako hakuna aliyenifahamu. Nilifika nikiwa na nia ya kusema ukweli. Naapa nilikuwa nayo.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwapo dada mmoja mwenye mtoto mgongoni na tumbo mbele. Mlango wa chumba cha nesi haukufungwa, kwa hiyo tuliokuwa kwenye benchi tulisikia kila kitu. Nesi alimuuliza huyo wa mgongoni ana miezi mingapi. Yule dada akajibu kwa sauti ya kunong'ona. Nesi akarudia jibu lake kwa sauti kubwa, kisha akasema, "Huyu hata meno hayajaisha kuota, na wewe umeshamletea mwenzake. Umeamua kumbemenda?"

Benchi zima lilicheka. Na mimi nilicheka. Nakikumbuka kicheko changu kwa sababu kilitoka kikubwa kuliko vya wengine. Yule dada alipotoka alipita akiangalia sakafu, kadi ameibana kwapani, na mtoto wake, ambaye kwa kweli alikuwa mnene tu, akitutazama sote kwa zamu.

Zamu yangu ilipofika nilisema ukweli kuhusu mambo yote isipokuwa moja. Mimba ya pili. Mtoto mmoja, yuko hai. Upasuaji, ndiyo. Nikaulizwa mtoto ana umri gani, na mdomo wangu ukasema mitatu. Sikuwa nimeipanga hiyo mitatu, ilitoka ikiwa tayari imeiva. Nikaulizwa kadi ya mimba ya kwanza iko wapi, nikasema ilipotea tulipohama. Nesi akaandika kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko mzuri wa duara. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: aligeukia mlangoni na kuwaambia wanawake waliobaki kwenye benchi kwamba hivi ndivyo inavyotakiwa, kwamba mwenzenu huyu amelipumzisha kovu lake miaka mitatu, muige mfano. Wakanitazama kwa heshima. Nilikaa wima. Ningeweza hata wakati ule kumwambia nesi kwamba nimekosea, lakini tayari nilikuwa mfano.

Baada ya hapo ikawa kama zilivyo kumbukumbu zote. Kila nilipohudhuria, aliyekuwa zamu alisoma alichoandika mwenzake na kuendelea kutoka hapo. Hakuna aliyeniuliza tena. Mwezi wa tano wa mimba kovu lilianza kuwasha. Mwezi wa sita nilisikia kitu kinavuta upande wa kushoto nilipokuwa nashusha boksi la majalada, nikakaa sakafuni kati ya rafu mbili nimelishika tumbo kwa mikono miwili, nikisubiri kuona kama damu itatoka. Haikutoka. Mwenzangu wa masjala aliponikuta nilimwambia natafuta jalada lililodondoka. Nikawa mtu wa kudanganya kwa wepesi. Kwenye simu nilikuwa nasoma habari za wanawake waliopasuka kizazi, nikishamaliza nafuta, kesho natafuta tena. Usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu, na nikipitiwa kidogo nilikuwa naota nimevaa gauni la kazini, na kila zipu ninayoifunga inafunguka.

Mtoto alipokaribia, nilipewa rufaa kwenda hospitali kubwa mjini kwa ajili ya kovu. Daktari wa kliniki alikuwa kijana mchangamfu, na nyuma yake walisimama wanafunzi sita wa udaktari na madaftari yao. Akawasomea kadi yangu kana kwamba ni somo: kovu moja, miaka mitatu imepita tangu upasuaji, mtoto ametanguliza kichwa, uzito wa wastani. Akawauliza wangefanya nini. Msichana mmoja mwenye miwani akasema mama huyu anaweza kujaribu njia ya kawaida, hapahapa hospitalini, kwa uangalizi wa karibu. Daktari akafurahi. Nikakusanya ujasiri wangu wote nikasema naomba upasuaji. Akaniuliza kwa upole kwa nini nikatwe tena bila sababu, wakati kila kitu kwenye kadi kinanipa nafasi nzuri. Sababu niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Nilijiambia nitamwambia atakapobaki peke yake, lakini hakubaki peke yake, akaja mama mwingine, na mimi nikateremka kitandani nikavaa viatu vyangu.

Mama mkwe wangu alikuja Februari kutoka Chemba kunisubiri nijifungue. Aliacha uwele shambani ukiwa haujamalizwa palizi, na alikuwa na wasiwasi nani angeamia ndege wasiushambulie utakapoanza kuiva. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko umbo lake. Kiswahili chake ni cha mnadani, kifupi, kisicho na mapambo, na akiwa na hasira huhamia lugha ya kwao ambayo mimi naielewa nusu. Nilimwogopa tangu siku ya kwanza nilipopelekwa kutambulishwa, akanishika mkono na kuugeuza kiganja juu, akaona hauna sugu.

Nilimpokea mlangoni kwa shikamoo, akaitikia macho yakiwa kwa binti yangu, ambaye alikuwa anatambaa. Umri wake ulikuwa mwaka na miezi mitatu na alikuwa hatembei. Bibi yake akamnyanyua, akampakata, akayashika mapaja yake moja baada ya jingine na kuyaminya taratibu kama anavyomkagua mbuzi kabla ya kununua. Nilisimama nikisubiri lile neno litoke. Halikutoka. Aliuliza tu kama anakula, nikasema anakula, akaingia jikoni akapika uji wa uwele akatia samli. Siku zilizofuata alimlisha yeye mwenyewe, kimya, na mimi nikaona afadhali angenitukana.

Wiki moja kabla ya tarehe nilimkalisha chini. Yeye ndiye angekwenda nami hospitali, na nilijua akiulizwa swali atajibu. Nikamwambia, "Mama, hospitali wakikuuliza mtoto ana umri gani, sema miaka mitatu."

Akamtazama binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa anatafuna kandambili. "Huyu?"

"Huyu."

"Mitatu."

Nikamweleza kwamba wakijua ukweli watanisema vibaya mbele za watu. Sikumweleza kuhusu kovu. Nilijua nikimweleza kuhusu kovu hatakubali, na huo ndio ubaya wangu mkubwa katika habari hii yote, kwamba nilimpa nusu ya jambo na kumwachia aibebe kama nzima. Jambo la kusemwa mbele za watu alilielewa bila kurudiwa. Akaniambia kwamba alipokuwa mwari nyumbani kwao aliwahi kumwona mwanamke aliyesemwa hivyo hadi akahama kijiji na mtoto wake mgongoni. Akasema, "Basi ni mitatu. Hata wakinichinja."

Kuanzia hapo akawa anafanya mazoezi. Tukiwa tunachambua maharage angesema ghafla, kwa sauti ya mtu anayejibu mahakamani, huyu ana miaka mitatu, na binti yangu angegeuka kumtazama huku makamasi yanamtiririka. Mara moja tulicheka mpaka tumbo langu likakaza kama jiwe. Nikaogopa, nikaacha kucheka. Yeye aliendelea kidogo peke yake.

Uchungu ulianza Jumamosi saa moja asubuhi nikiwa naosha sufuria. Mume wangu akaazima gari la jirani, mtoto tukamwacha kwa mke wa jirani huyohuyo, na kabla ya saa tatu tulikuwa hospitali. Nesi wa mapokezi akafungua kadi yangu, akasoma kwa sauti, kovu moja, miaka mitatu, sawa. Akanitazama kama anayesubiri nithibitishe. Nilitikisa kichwa kukubali. Mume wangu alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu na ndipo alipoisikia hiyo mitatu kwa mara ya kwanza. Niliona uso wake ukibadilika. Nikamkazia macho, naye, kwa ule upole wake, akatazama pembeni.

Ndugu hawaingii chumba cha kujifungulia. Mama mkwe akabaki nje ya mlango na kapu lake, chupa ya uji na khanga zangu, na mume wangu akarudi nyumbani kumwangalia mtoto kwa kuwa aliambiwa itachukua muda. Nikapewa kitanda cha kwanza kutoka mlangoni. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimoja siku ile, ndani yake kulikuwa na mama anayekatwa, na wengine wawili walikuwa kwenye foleni, mmoja wao akiwa na kifafa cha mimba. Haya yote niliyasikia manesi wakiongea. Nililala nikayapanga kichwani kama ninavyopanga majalada ya haraka na ya kawaida, na nikaona kwamba mimi, kwa jinsi nilivyoandikwa, nilikuwa jalada la kawaida.

Uchungu huja na kuondoka. Hata ukiwa mkali kiasi gani, kuna nafasi katikati ambapo mtu anameza mate na kukumbuka jina lake. Saa saba mchana ulikuja mmoja ambao haukuondoka wote. Ulibaki chini ya kitovu, palepale kwenye mshono, mdogo, wa moto, unaosogea, kama mtu anachana kitambaa polepole ili asisikike. Nikaushika mkono wa nesi aliyekuwa anapita. Nilimwambia kovu linauma hata uchungu ukitulia. Akanipima mapigo, akamsikiliza mtoto, akasema mtoto yuko vizuri na kwamba kila mwenye kovu husema hivyo, nikaze moyo, njia imeshafunguka nusu.

Nilisikia hofu ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada ya siku ile. Nikaona binti yangu akiwa mkubwa, ameshika mkono wa mwanamke nisiyemjua.

"Sista," nikamwambia, "si mitatu. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minne. Nilidanganya."

Alisimama. Akafungua kadi, akaifunga. Akaniambia si wa kwanza, kwamba wanawake wakifika katikati ya safari wanasema lolote ili wakatwe, jana kuna aliyesema ana mimba ya mapacha. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, vitanda vilikuwa vimejaa, na kadi yenye mihuri saba ilikuwa inasema mitatu dhidi ya mwanamke anayelia. Mimi mwenyewe kazini ningeiamini kadi. Lakini hakupuuza moja kwa moja. Akasema ngoja, akatoka hadi mlangoni, na mimi nikamsikia akiuliza nani ndugu yangu.

"Mimi," ilisema sauti ya mama mkwe.

"Bibi, huyu mwanao, mtoto wake wa kwanza ana umri gani?"

Nilifumba macho. Nilijaribu kupaza sauti, uchungu ukaja ukaniziba.

"Mitatu," alisema mama mkwe.

"Una uhakika?"

"Mitatu. Mimi ndiye niliyemwogesha." Na kwa kuwa ni mtu wa kufanya kazi kikamilifu, akaongeza kwamba mtoto anacheza na wenzake, anakwenda mwenyewe dukani kutumwa chumvi.

Nesi akarudi. Akaniambia, kwa upole zaidi kuliko mara ya kwanza, kwamba mama yangu anasema mitatu, nitulie, nivute pumzi. Akaenda kitanda cha tatu ambako mtoto alikuwa anatoka.

Sijui nilitoaje miguu kitandani. Nakumbuka sakafu ya baridi na ukuta wenye rangi ya mafuta, nikiupapasa kwa kiganja. Ni hatua tano, sita. Nilifika mlangoni nikaushika mwimo, na mama mkwe akainuka kwenye benchi la nje, kapu likaanguka.

"Mama," nikamwambia, "mwambie sista mtoto amezaliwa lini."

Alinitazama machoni. Nesi alikuwa ameshaniona na alikuwa anakuja mbio nyuma yangu akiniambia nirudi kitandani. Uso wa mama mkwe ulikuwa umetulia, umejaa uaminifu, na nikaelewa kwamba anadhani namjaribu.

"Miaka mitatu," alisema.

"Mama, nitakufa. Sema ukweli."

Akamtazama nesi, akanitazama mimi, akatazama chini kwenye khanga yangu, na sijui aliona nini pale. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyeonewa, "Si wewe uliyeniambia niseme hivyo?"

Nesi hakungoja zaidi. Nilimsikia akiita jina la mtu, magurudumu ya kitanda yakasogea, na kuanzia hapo kila kitu kilikwenda haraka. Mtu alinichoma sindano, mwingine alinisainisha karatasi, mwingine aliuliza kundi langu la damu. Yule mama wa kwanza alikuwa ametolewa chumba cha upasuaji, mwenye kifafa alikuwa ameshaingizwa na kutolewa, na aliyekuwa anafuata akasogezwa ukutani ili mimi nipite. Nilimwona usoni nilipopitishwa. Alikuwa msichana tu, ameng'ata kona ya khanga, na sikujua kusubiri kwake kungemgharimu nini. Baadaye niliuliza nikaambiwa alijifungua salama. Niliuliza mara tatu, kwa watu watatu.

Walinichoma mgongoni, nikafa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, masikio yakabaki. Nikasikia daktari akiomba hiki na kile, kisha akanyamaza. Akamwita mwenzake asogee atazame. Nikauliza kuna nini, na mtu wa dawa ya usingizi akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Mtoto alitolewa, akawa kimya. Nilihesabu. Nilifika kumi na tisa ndipo akalia, kilio chembamba kilichokatika na kuanza tena.

Asubuhi yake daktari alikuja kitandani. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo madaktari hawafanyi. Aliniambia kovu lilikuwa limeachia karibu lote, na kilichokuwa kimebaki kati ya mtoto na tumbo ni utando mwembamba wa nje. Kupitia utando huo waliziona nywele za mtoto kabla ya kukata. Uchungu mwingine mmoja au miwili, alisema, na tungekuwa tunaongea habari nyingine, au tusingekuwa tunaongea. Kisha akauliza nani aliyeandika miaka mitatu. Nikamwambia ni mimi. Akasema hapana, huu ni mwandiko wa nesi. Nikamwambia nesi aliandika nilichosema. Hakunigombeza. Alitoa kalamu, akakata ile namba kwa mstari mmoja, akaandika iliyo sahihi na kuweka sahihi yake pembeni, kama tunavyosahihisha sisi. Nililia, na yeye akangoja nimalize.

Mtoto alikaa siku tatu katika chumba cha watoto wachanga kwa sababu alikuwa amechoka, halafu akaletwa. Kijiti niliwekewa kabla ya kuruhusiwa, nikiwa bado kitandani, na safari hii sikusema nitarudi.

Mama mkwe alikuja kila siku na uji. Siku mbili za mwanzo hakuongea ila kuuliza kama nimejisaidia. Mume wangu alikuwa amemweleza habari ya kovu, yote, kama nilivyopaswa kumweleza mimi. Siku ya tatu alifunga chupa ya uji, akakunja mikono yake mikubwa mapajani, akaongea huku akitazama dirisha.

"Wewe ungekufa pale," alisema, "mimi ningebaki na ile mitatu. Ningemwambia daktari mitatu. Ningemwambia mama yako mitatu. Ningesimama kwenye kaburi lako nikisema mitatu, na nisingejua kwamba ndiyo iliyokuua. Kwa sababu uliniomba."

Nikamwambia, Mama, nisamehe. Akasema ameshasamehe, si hilo linalomsumbua. Wodi nzima ilikuwa inaongea, wageni wanaingia na kutoka, na yeye akanisogelea ili wasimsikie. Akaniuliza kama kuna jambo lingine lolote nililowahi kumwambia aseme.

Nilifikiri kwa muda mrefu kabla ya kumjibu kwamba hakuna.